Yule kijana wa Mzee

Katuba, Lubumbashi

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Huku tu wazima, ila umeme umeanza tena mchezo wake wa jioni, kwa hiyo ukiona mistari imepinda usinicheke.

Swali lako limenifurahisha. Unauliza Joseph Kabila, mtu aliyekulia kwenu Tanzania, ilikuwaje akawa rais wetu hapa Kongo akiwa na miaka 29. Jina la baba tu lilitosha? Kuingia, ndiyo, lilitosha. Kukaa ni habari nyingine.

Baba yake, Laurent-Désiré, ambaye hapa tunamwita Mzee tu, alikaa miaka mingi porini Fizi akimpinga Mobutu. Huko Hewa Bora ndiko Joseph na pacha wake Jaynet walikozaliwa, Juni 1971. Makadogo, wale askari watoto wa AFDL, waasi wa Mzee, walipoingia Lubumbashi Aprili 1997, niliwaona wakipita na mabuti ya mpira, wengine bunduki ikiburuzika chini. Tarehe 17 Mei Kinshasa ikaanguka, na Mzee akajitangaza rais akiwa hapa hapa mjini kwetu. Wazee wa Katuba husimulia siku ile kana kwamba wao ndio waliomwapisha.

Januari 2001 Mzee akapigwa risasi na mlinzi wake, akafa. Siku kumi baadaye, tarehe 26, mtoto akaapishwa. Mkimya, Kilingala chake cha kubahatisha, Wakinshasa wakamcheka waziwazi. Mimi naamini wakubwa waliomkalisha pale walidhani wamepata wa kumwendesha. Alitawala miaka 18! Mwaka 2006 alimshinda mpinzani wake Bemba katika duru ya pili ya uchaguzi kwa asilimia 58 hivi, na kura za Katanga, jimbo letu, zilimiminika. Mama yangu bado ana kitenge cha kampeni ile chenye uso wake. Alikikata, sasa anafunikia bukari, yaani ugali wetu. Kilichomharibia ni ile miaka ya nyongeza: muhula wake uliisha Desemba 2016, akatoka Januari 2019.

Ila ukitaka kujua nguvu ya jina lile, waangalie ndugu zake. Mwaka 2011 Jaynet alichaguliwa mbunge wa Kalemie, na mdogo wao Zoé akachaguliwa Manono. Mwaka 2015 Katanga yetu ikakatwa majimbo manne (jambo ambalo wengi hapa hawajalimeza hadi leo), na 2019 Zoé akawa gavana wa mojawapo, Tanganyika. Mei 2021 bunge la jimbo likamng'oa. Sasa tazama tarehe, dada: Desemba 2020 Tshisekedi, rais aliyempokea Kabila, alikuwa ametangaza mwisho wa muungano wake na Kabila. Haikupita hata nusu mwaka. Mimi sidhani jimbo zima lilishtuka asubuhi moja likagundua kwamba gavana hafai. Kaka alikuwa hana kiti tena, basi. Na huyo Tshisekedi naye ni mtoto wa Étienne, mpinzani wa miaka yote, kwa hiyo usidhani tumetoka kwenye mambo ya baba na mwana.

Joseph mwenyewe alirudi huku mwisho wa 2020, kwenye shamba lake la Kashamata, na wanasiasa wakawa wanapanga foleni kwenda kumwamkia. Mengine umeyasikia kwenye redio: Mei 2025 Seneti ilimvua kinga, mwezi huo huo akaonekana Goma iliyokuwa mikononi mwa waasi wa M23, na Septemba mahakama ya juu ya kijeshi ikamhukumu kifo yeye mwenyewe hayupo, kwa uhaini na makosa mengine. Siku hizi kwenye teksi watu wakimtaja hupunguza sauti, hata wale waliokuwa wakiimba jina lake 2006.

Sasa nifanyie kazi na mimi. Huko kwenu hawakosekani waliokaa naye darasani. Waulize kama alikuwa mkimya tangu wakati ule, au ukimya ule aliupata ikulu. Nijibu kwa sauti ya WhatsApp, uvivu wako wa kuandika naujua.

Wako wa siku zote,
Mama Pacha