Hamisi, usiweke tagi isiyo na wenyewe

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Swali lako la pandas, ile maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali, nimelisoma: kwa nini kuunganisha majedwali mawili kumekuongezea mistari. Nimeona pia tagi tano, yaani lebo za mada, unazotaka kulibandika kabla ya kulipeleka Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu: pandas-merge-duplicates, dataframe-left-join, python-3.11, data-cleaning na beginner. Unauliza kama tagi zikizama ndani kiasi hicho zinaleta jibu haraka au zinalizika swali. Kwa hizi tano, zinalizika. Hebu zitazame tena: python haimo, na pandas yenyewe haimo.

Anayejibu maswali pale hakai akisoma kila linaloingia, hangeweza. Anachagua tagi za kufuatilia na tagi za kupuuza, kisha mfumo unamletea kilichopita kwenye chujio lake. Kwa hiyo tagi ni anwani ya watu kwanza, ndipo iwe maelezo ya swali. Ukiandika pandas, swali linafika kwa wanaofuatilia pandas. Ukiandika pandas-merge-duplicates peke yake umepiga hodi kwenye nyumba isiyo na watu, hata kama jina limeeleza tatizo lako barabara.

Tena hiyo ya kwanza mfumo ungeikataa mlangoni. Kuunda tagi mpya pale kunahitaji pointi 1,500 za sifa, nawe hujazifikisha. Hata mwenye pointi akiiunda, tagi iliyotumika kwenye swali moja tu na isiyoandikiwa maelezo hufutwa na mfumo wenyewe baada ya miezi 6. Wengi huona sheria hiyo ni ukali wa bure. Mimi naiona ni huruma, kwa sababu kila tagi iliyokufa hubaki ikichukua nafasi kwenye orodha inayoshuka unapoanza kuandika, na mgeni anayefuata huiteua akidhani ndiyo yenyewe.

Sasa, si kila tagi finyu ni takataka, na njia ya kuzichambua ni kuuliza neno hilo litapatikanaje likitafutwa bila tagi. Neno adimu hujitafuta lenyewe. Anayeandika nullpointerexception, jina la hitilafu ya Java, kwenye kisanduku cha kutafutia atapata maswali yenye neno hilo kwenye kichwa au ndani ya ujumbe wa hitilafu, tagi iwepo isiwepo, maana hakuna anayeliandika akikusudia kitu kingine. Jina la funksheni kama prefetch_related ya Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa Python, ni hivyo hivyo. Tagi ya neno la namna hiyo inarudia kilichokwisha kuandikwa ndani ya swali. Sasa jaribu kutafuta go, au c, au r. Herufi moja haitafutiki, na go imetapakaa katika sentensi za Kiingereza ambazo hazina habari na lugha ya Go. Hapo tagi pana kabisa ndiyo inayookoa, na hakuna tagi finyu inayoweza kushika nafasi yake.

Halafu kuna tagi finyu ninazozithamini kuliko zote: zile zinazotaja kitu ambacho muulizaji hakijui jina. Mtu anaandika kwamba amejumlisha 0.1 na 0.2 akapata 0.30000000000000004, na anauliza kompyuta yake imepatwa na nini. Popote katika swali lake hakuna neno floating-point, jina la namna kompyuta inavyohifadhi namba zenye desimali. Angelijua, angekuwa na nusu ya jibu. Chanzo ni kwamba 0.1 haiandikiki kikamilifu katika namba za msingi wa 2, kama theluthi moja isivyoandikika kikamilifu kwa desimali. Msomaji mzoefu akiongeza floating-point, swali linakutana na ndugu zake walioulizwa kwa JavaScript, C, Java na Python, ambao utafutaji wa maneno usingewakutanisha kamwe. Au chukua aliyetengeneza vitufe vitano ndani ya kitanzi cha for kwa kutumia var katika JavaScript, kuanzia 0 hadi 4, na kila kitufe kikibonyezwa kinaonyesha 5. Yeye anaandika habari za vitufe. Anayejua anaongeza closures, kwa sababu funksheni zote tano zinatazama kigezo kimoja kilichokwisha kufika 5 kitanzi kilipokoma. Utaona kwamba tagi hizi mara nyingi huwekwa baadaye na mtu mwingine, si muulizaji. Kwa hiyo mtu akija kuhariri tagi zako, bwana, soma kwanza alichoweka kabla hujarudisha ulichokuwa nacho.

Kuna mtego mwingine. Tagi inaweza kuonekana finyu na bado isijulikane inahusu nini. Merge, kwa mfano, ambayo najua utashawishika nayo baada ya kuitupa ile ndefu. Katika pandas ni kuunganisha majedwali, katika Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, ni kuunganisha matawi, katika SQL, lugha ya hifadhidata, ni amri ya MERGE, na mwingine ataiweka akimaanisha hatua ya kuunganisha katika merge sort, njia mojawapo ya kupanga orodha. Select ni mbaya zaidi: ipo ya SQL, ipo elementi ya HTML, ipo Select ya LINQ katika C#, na upo wito wa select() wa Unix unaosubiri soketi. Hakuna binadamu mwenye utaalamu wa select kwa ujumla. Kipimo ninachokipenda: ziba tagi nyingine zote kwa kidole, soma hiyo moja, kisha jiulize kama kuna mtu angeweza kuifuatilia akajibu nusu ya maswali yake. Regex, ya ruwaza za kutafutia maandishi, inafaulu, regex-lookarounds inafaulu, select inafeli.

Beginner nayo inafeli, kwa sababu nyingine. Haielezi swali, inamweleza muulizaji. Tagi za aina hiyo zimekatazwa pale, na homework, iliyokuwa maarufu, ilianza kuondolewa mwaka 2012. Shida yake ni kwamba haimsaidii anayejibu kujua chochote: kitanzi cha mwanafunzi na kitanzi cha mhandisi hukwama kwa sababu zilezile.

Toleo ndilo linalokosewa na watu makini, kwa hiyo nalo tulipe nafasi. Unatumia Python 3.11, sawa, lakini je, jibu lingebadilika ungekuwa na 3.9? Kwa tatizo lako halibadiliki. Basi andika toleo ndani ya swali, kwa ukamilifu wake, Python na pandas zote mbili, na kwenye tagi liache. Tagi ya toleo inastahili pale toleo lenyewe ndilo mpaka wa jibu. Kugawa 5/2 katika Python 2 kunatoa 2, katika Python 3 kunatoa 2.5. Mpangilio wa vipengele vya dict, kamusi ya Python ya ufunguo na thamani, unaaminika kisheria kuanzia 3.7. Anayelazimishwa kubaki kwenye C++11 na kitarajumi (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) cha zamani lazima aseme hivyo kwenye tagi, la sivyo ataletewa majibu mazuri ya C++20 ambayo hayatajengeka kwake. Kuna hata hali ambapo jina la toleo liligeuka kuwa kitu kingine kabisa: angularjs ni ya mfululizo wa 1.x, na angular ni ya 2 na kuendelea, iliyotoka mwaka 2016 ikiwa imeandikwa upya. Ukizichanganya, jibu utakaloletewa halitaingia popote katika programu yako. Na hata tagi ya toleo inapohitajika, iweke ubavuni mwa tagi mama. Python-3.x bila python inalinyima swali wasomaji wengi kwa sababu ya herufi chache.

Kumbuka swali moja lina nafasi za tagi tano tu. Tagi finyu iliyokaa bure imemfukuza mwenzake, na hiyo ndiyo gharama yenyewe.

Gharama nyingine huonekana swali linapokuwa limeshajibiwa zamani mahali pengine. Mwenye beji ya dhahabu ya tagi fulani anaweza kulifunga swali peke yake kama rudufu na kumwelekeza muulizaji kwenye jibu lililopo, ila uwezo huo unafanya kazi kwenye maswali yaliyobeba tagi hiyo tu. Beji hiyo inapatikana kwa majibu 200 yenye jumla ya alama 1,000 za kura ndani ya tagi moja, na ya fedha kwa majibu 80 yenye alama 400. Fanya hesabu mwenyewe: tagi yenye maswali 12 haitazaa mtaalamu wa kutambulika hata ingeishi miaka 50. Watu hulichukia neno rudufu, lakini kwa aliyekwama, kuelekezwa kwenye jibu lililochujwa kwa miaka ni afadhali kuliko kungoja jipya.

Kitu kidogo ambacho wengi hawakijui: rangi za msimbo ndani ya swali hufuata tagi ya lugha. Ukiondoa python, mfumo unabaki kubahatisha, na alama ya # inayoanza maelezo kwa Python inaweza kupakwa rangi ya kitu kingine. Pia tagi inayotumika zaidi kati ya zako huongezwa mbele ya kichwa cha ukurasa kinachoonekana kwenye injini za kutafutia, kwa hiyo huna haja ya kuanza kichwa chako kwa neno Python na nukta mbili.

Haya, turudi kwenye swali lako. Umeunganisha majedwali mawili kwa how='left', yaani kubakiza kila mstari wa jedwali la kushoto, ulitegemea mistari 1,000 kama ya jedwali la kushoto, ukapata zaidi. Tagi ninazokushauri: python, pandas, dataframe, left-join. Nne. Ya tano iache wazi, hakuna anayekatwa alama kwa kuacha. Unapoziandika, ngoja orodha ishuke, soma idadi ya maswali iliyo kando ya kila tagi na mistari michache ya maelezo chini yake. Maelezo hayo mara nyingi yanasema waziwazi "usitumie kwa hili", na karibu hakuna anayeyasoma. Tagi ya sql, kwa mfano, inakuomba utaje na mfumo wa hifadhidata, kama mysql au postgresql, kwa sababu jibu linalofanya kazi kwenye mmoja huweza kukataa kwenye mwingine.

Ule ufafanuzi uliotaka kuubana ndani ya pandas-merge-duplicates uhamishie kwenye kichwa, ambako unasomeka na unatafutika: "Muungano wa kushoto kwa merge unaongeza mistari ufunguo unapojirudia upande wa kulia", kwa Kiingereza bila shaka, maana ndiyo lugha ya tovuti. Ndani ya swali weka majedwali mawili ya mistari minne au mitano yanayoweza kunakiliwa na kuendeshwa, towe unalopata, na towe unalolitaka. Nakuhakikishia hilo litakuletea msaada kuliko tagi yoyote.

Na kabla hujalituma, endesha kulia.duplicated('id').sum(), ambapo kulia ni jedwali la kulia na id ni ufunguo, safu unayounganishia. Ikitoa zaidi ya 0, umeshapata jibu: ufunguo uliopo mara 3 kushoto na mara 2 kulia hutoa mistari 6, na ndivyo muungano unavyopaswa kufanya. Ukiongeza validate='many_to_one' ndani ya merge, pandas itagoma kwa hitilafu ya MergeError badala ya kukuongezea mistari kimyakimya. Huenda hutahitaji kuuliza kabisa.

Kuhusu ule mfumo wa maswali mnaotaka kuanzisha kwenye timu yenu: msianze kwa kuchora mti wa tagi 200. Anzeni na tagi ishirini hivi, moja kwa kila lugha, kila huduma na kila zana mnayoitumia kweli. Mtu mmoja apewe kazi ya kuipitia orodha kila mwezi, aunganishe visawe, maana mtapata postgres, postgresql na pgsql ndani ya wiki ya kwanza, na aandike sentensi moja ya maelezo kwa kila tagi inayobaki. Tagi igawanywe pale wanaoijibu wanapokuwa makundi mawili yasiyosomana. Kama ni watu walewale watatu wanaojibu maswali yote ya seva, kuigawa seva katika tagi sita kutawapa kazi ya kufuatilia sita. Wakija kuajiriwa watu wa mitandao ambao hawagusi hifadhidata, hapo gawanyeni siku hiyohiyo, na maswali ya zamani yapewe tagi mpya pamoja na kubaki na ile ya awali.

Nitumie hayo majedwali ukishajaribu ile amri ya duplicated.

Wako,
Bakari