YAH: MALALAMIKO KUHUSU SWALI LA JENERALI SEYDLITZ

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Jumamosi usiku nilibakiza swali moja tu nimalize raundi ya chemsha bongo yenu ya kwenye simu. Mliuliza: nani aliongoza wapanda farasi wa Prussia, ufalme wa zamani wa Kijerumani, katika mapigano ya Rossbach, mwaka 1757? Nikajibu Seydlitz. Nikaambiwa nimekosa, jibu ni Zieten. Pointi zote zikayeyuka, pamoja na shilingi 2,000 za kiingilio.

Zieten sina ugomvi naye, alikuwa jenerali hodari. Ila siku hiyo, Novemba 5, alikuwa mbali, huko Silesia. Nahisi mtunzi wenu kachanganya na Leuthen, ambako Zieten alikuwepo kweli. Mapigano yale yalikuwa Desemba 5, mwezi mmoja kamili baadaye.

Rossbach ni ya Friedrich Wilhelm von Seydlitz. Alikuwa na miaka 36, umeja jenerali wenyewe wa miezi michache, na bado Mfalme Friedrich wa Pili akampa amri juu ya majenerali waliomtangulia. Aliwavamia Wafaransa na washirika wao kwa skwadroni 38, yaani vikosi vya wapanda farasi, wakiwa bado safarini, hawajajipanga. Jeshi la watu kama 41,000 likasambaratishwa na watu 22,000. Akatoka hapo na jeraha, cheo cha luteni jenerali na nishani ya Tai Mweusi. Leo ninyi mnampa mwingine ushindi huo!

Kuna la pili. Nilipofungua maelezo nimsome huyo niliyemchagua, mmeandika kwamba aliuawa katika mapigano ya Kunersdorf. Pale, Agosti 12, 1759, aliumizwa mkono. Mwaka 1762 alipigana tena Freiberg, 1767 akawa jenerali kamili wa wapanda farasi, akafariki Novemba 1773 mjini Ohlau, ambao sasa uko Poland. Maiti haipandishwi cheo.

Nilipopiga simu, dada aliyepokea alinijibu, "Mfumo haukosei, kaka." Sawa, lakini kuna mtu aliyeulisha mfumo huo.

Naomba nirudishiwe pointi na fedha yangu, na wote waliojibu Seydlitz vilevile, na swali lirekebishwe kabla ya Jumamosi ijayo. Picha mbili za skrini nimeambatanisha. Tafadhali nijibuni kwa maandishi; ule ujumbe wa "asante kwa kuwasiliana nasi" nimeshaupata mara tatu.

Mteja wenu,
Dodoma.