Barua kwa Rafiki wa Kolwezi: Trela, Chumvi na Bahari

Lubumbashi, tarehe 9 Februari

Ndugu yangu Papa Neema,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji, na kwa watoto wote. Sisi hapa tu wazima, ingawa mvua ya mwezi huu haitupi nafasi na barabara ya kuingia Katuba imegeuka mto. Nimekaa ndani tangu mchana na ramani imetandazwa juu ya meza ya chakula, kwa hiyo nimeona ni afadhali nikujibu kwa maandishi kuliko kwa simu, maana mambo ni mengi na mengine yanakuhusu wewe kama fundi.

Umeniuliza kwa nini ninataka twende kuiona bahari mbali hivyo, wakati nchi yetu yenyewe ina pwani huko Moanda. Swali lako ni la haki. Lakini pwani hiyo ni ya kilomita 37 hivi tu, iko upande wa pili kabisa wa nchi, na gari linalotoka hapa haliwezi kuifikia kwa njia ambayo mtu angeipangia siku na kuzitimiza. Barabara ya kwenda Walvis Bay, kule Namibia, ni ndefu zaidi ya kilomita 2,500 kwa njia nitakayokueleza, lakini sehemu yake kubwa ni lami, na malori yanayobeba shaba ya kwetu huipita. Ikiwa shaba ya Katanga inafika baharini kwa njia hiyo, nasi tunaweza kufika.

Sababu nyingine unaijua. Kwa miaka 22 nimechora ubaoni mkondo wa Benguela kwa chaki ya buluu, nikiwaeleza wanafunzi jinsi upepo wa kusini unavyoyasukuma maji ya juu mbali na ufuo, jinsi maji baridi ya kilindini yanavyopanda kuchukua nafasi yake, na jinsi hewa yenye unyevu ya Atlantiki inavyogeuka ukungu ikipita juu ya baridi hiyo badala ya kugeuka mvua. Ndiyo maana jangwa la Namib linagusana na bahari: kuna mahali pa pwani ile ambapo mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 30, wakati Lubumbashi inapata zaidi ya 1,000. Mwaka jana mtoto mmoja aliniuliza kama ukungu huo una harufu. Sikuwa na jibu. Nataka kurudi darasani Septemba nikiwa nalo.

Kuhusu njia, nitaeleza kwa ufupi. Tutavuka mpaka Kasumbalesa alfajiri, tupite Chingola, Kitwe na Ndola, tulale Lusaka. Kutoka hapo tutashuka hadi Livingstone, na huko ningependa tukae siku mbili ili watoto wayaone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria. Kisha tutaufuata mto Zambezi hadi Sesheke na kuvuka daraja lililofunguliwa mwaka 2004 kuingia Katima Mulilo. Kutoka Katima hadi Rundu ni kilomita 500 na zaidi kidogo, na kipande kirefu cha njia hiyo kinapita ndani ya hifadhi ya Bwabwata, ambamo tembo huvuka lami bila kumwangalia mtu. Kwa hiyo nakusihi tukubaliane tangu sasa kwamba hatutaendesha usiku hata mara moja, hata kama tumechelewa na kambi iko karibu.

Baada ya Rundu tutashuka Grootfontein. Karibu na mji huo kipo kimondo cha Hoba, pande la chuma lenye uzito wa tani 60 hivi, ambalo halijawahi kuhamishwa kutoka mahali lilipoangukia. Ndani yake mna nikeli na kobalti kidogo. Wewe unayeishi Kolwezi, ambako kobalti inachimbwa chini ya miguu ya watu, utakuwa na mengi ya kumwambia Neema ukisimama mbele ya kobalti iliyoanguka kutoka juu. Kisha Otjiwarongo, Outjo, Khorixas, na hapo lami itakuwa imetuaga.

Sasa naja kwenye trela, au remorki kama tunavyosema hapa nyumbani, na hapa ndipo ninapokuhitaji kweli. Ile niliyoinunua kwa jirani ni nzuri kwa kubeba makala, yaani makaa, na magunia ya unga, lakini kwa barabara za changarawe za kule haitafika, nami sitaki tujidanganye. Nimezungumza na madereva wawili wa malori wanaoijua Namibia, na wote wamesema jambo moja: changarawe hujikunja kama ubao wa kufulia, na mtikisiko wake wa saa nyingi hufungua kila nati ambayo haikufungwa sawasawa na kuvunja kila mahali palipochomelewa kwa haraka. Naomba uikague chasi yote, hasa pale mkono wa kuvutia unapoungana na fremu, na uongeze bamba la chuma kila pembe unayoitilia shaka. Springi ziwe za majani, zenye nguvu zaidi kidogo kuliko mzigo unavyodai. Rulma, yaani beringi, za magurudumu ziwe mpya, zipakwe grisi mbele ya macho yako, na tubebe jozi nyingine pamoja nasi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni magurudumu. Ningependa ubadilishe ekseli, ili matairi ya trela yawe ya saizi ileile ya Land Cruiser, yenye idadi ileile ya boliti, na upana kati ya gurudumu na gurudumu ulingane na wa gari. Hapo tutapata faida mbili kwa gharama moja: matairi mawili ya akiba yatatumika kokote, na trela itafuata mifuo ambayo gari limeshaikanyaga badala ya kujichimbia yake mchangani. Tukishindwa kupata ekseli ya namna hiyo huko Kolwezi, nitazunguka magaraji ya hapa, lakini nahitaji vipimo vyako kwanza.

Uzito nao tuupange kwa kitabu. Mkono wa trela unapaswa kukilemea kiungio cha gari kwa sehemu moja ya kumi hivi ya uzito wote. Ukiwa mwepesi mno, trela itaanza kuyumba kama mkia, na ukiwa mzito mno, gari litainua pua na usukani utapoteza nguvu. Maji, ambayo nimeyakadiria lita 5 kwa mtu kwa siku bila kuhesabu ya kuoga, yakae chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Madumu ya mazuti, yaani dizeli, yakae mbali na chakula. Hema la kukunjua juu ya sanduku la trela tunalo tayari, na shemeji yako ameshalishona upya pale lilipochanika, ila naomba uweke mpira mzuri kuzunguka mlango wa sanduku, kwa sababu vumbi la kule huingia hata mahali ambapo maji hayapiti. Mbele ya trela tundika mkeka wa mpira mzito: mawe yanayorushwa na magurudumu ya nyuma hugonga sanduku, yakarudi na kuvunja kioo cha nyuma cha gari. Mmoja wa wale madereva aliliona jambo hilo likimpata mtu mbele yake.

Kwenye changarawe tutapunguza upepo wa matairi na hatutapita kilomita 80 kwa saa. Najua unapenda mwendo. Lakini kule magari mengi hupinduka yenyewe, bila kugongana na chochote, na gari lenye trela hupinduka kwa urahisi zaidi. Kila tutakaposimama, mmoja wetu azunguke na kugusa vikombe vya magurudumu kwa kiganja; kinachochoma mkono kinatuambia rulma inakufa. Kumbuka pia kwamba Zambia na Namibia huendesha upande wa kushoto, na usukani wetu uko kushoto. Dereva hataona mbele ya lori analotaka kulipita. Atakayeketi kulia ndiye atakuwa macho yake, na kazi hiyo isipewe mtoto wala mtu mwenye usingizi.

Kuhusu mwezi, nimefikiri sana. Kambi ya Torra Bay, iliyo ndani kabisa ya hifadhi ya Skeleton Coast, yaani Pwani ya Mifupa, hufunguliwa Desemba na Januari tu, na kulala pale kungekuwa zawadi. Lakini Desemba ni mvua hapa na Zambia yote, na watoto hawana likizo ya kutosha. Julai ni kiangazi njia nzima, shule zimefungwa, nasi tuna nafasi ya wiki nne. Basi napendekeza Julai, na gharama yake ni hii: hifadhi tutaivuka kwa kibali cha kupita tu, tukiingia asubuhi kwenye lango la Springbokwasser na kutoka siku hiyohiyo kwenye lango la Ugab, ambalo limechorwa mafuvu mawili makubwa. Tank ijazwe Khorixas na madumu pia. Julai una pepo za mashariki zinazotoka barani, za moto na zenye mchanga; zikivuma tutasubiri.

Ninapofikiria siku hiyo moja, usingizi hunitoka. Upande wa kulia bahari baridi inayopiga bila kupumzika, upande wa kushoto tambarare ya kokoto, na kati yake barabara na mabaki ya meli. Jina la Mifupa lilitokana na mifupa ya nyangumi na mbavu za meli zilizokwama kwenye ukungu. Kusini kidogo mwa Henties Bay utaiona Zeila, meli ya uvuvi iliyokuwa ikivutwa kwenda kuuzwa kama chuma chakavu, ikakatika kamba na kukwama mwaka 2008. Ndege wa baharini wameifanya nyumba.

Kabla ya hapo tutasimama Cape Cross, na hapa mwalimu wa jiografia anaomba umvumilie. Mreno Diogo Cão, yule yule ambaye katika miaka ya 1480 aliufikia mdomo wa mto wetu mkubwa, alishuka pwani hadi pale na kusimika msalaba wa mawe mwaka 1486. Msalaba wa asili ulichukuliwa na Wajerumani mwaka 1893, na penye nafasi yake leo pamesimikwa mfano wake. Fikiri kwamba mtu mmoja aligusa Kongo na akagusa jangwa lile, na sisi tuliozaliwa Kongo hatujaligusa. Miguuni pa msalaba huo wanaishi sili, wanyama wa baharini, kwa makumi ya maelfu, kwa sababu maji yale ya kilindini huleta lishe, lishe huleta samaki, na samaki huleta sili. Wanasema harufu yao hukaa kwenye nguo siku nzima.

Tutalala kwenye kambi za wavuvi zilizoko ufuoni, Mile 108 au Mile 72, ambazo majina yake ni umbali wake kwa maili kutoka Swakopmund. Hakuna miti, kwa hiyo makala tuyabebe. Barabara ya huko imeshindiliwa kwa chumvi, ni laini kama lami siku kavu, lakini ukungu ukiilowesha huteleza kama sabuni, na chumvi hiyo hula chuma. Tukifika Swakopmund kazi ya kwanza, kabla ya kutafuta samaki wa kukaanga, ni kuosha chini ya gari na trela kwa maji matamu. Nakuomba pia tuwaeleze watoto mapema kwamba hatutatoka nje ya barabara hata kwa mita 10. Juu ya kokoto zile huota kuvu-mwani, yaani kuvu na mwani vilivyoungana kuwa kiumbe kimoja, unaoishi kwa ukungu, na alama ya tairi moja hubaki kwa miongo mingi. Huko bara kuna mmea wa welwitschia, wenye majani mawili tu maisha yake yote, nao huweza kuishi zaidi ya miaka 1,000. Mtoto akiukanyaga kwa kucheza, hakuna atakayeweza kuurudisha.

Hati ni hizi: pasipoti na viza, kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa kila mtu, kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, kwa bima ya gari ambayo inatufikisha Zambia lakini haifanyi kazi Namibia, na fedha za ushuru wa barabara ambao Namibia hutoza gari la kigeni na trela yake mpakani. Trela iwe na hati yake na namba ya chasi inayosomeka. Usiipake rangi juu yake. Nyama mbichi tusibebe, kwa maana kwenye kizuizi cha mifugo cha Mururani, kati ya Rundu na Grootfontein, itachukuliwa kwa ajili ya kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo. Unga wa bukari, yaani ugali, ndagala kavu na maharage vinatutosha hadi baharini.

Naomba unipelekee vipimo vya ekseli kabla ya mwisho wa mwezi huu, pamoja na gharama ya chuma, ili nitume nusu ya fedha kabla ya Machi. Na uniambie kama Mama Neema amekubali kuja, kwa sababu hema ni la watu sita, na kama mko wanne nitatafuta lingine dogo sokoni.

Wako katika undugu,
Papa Josué