Pomboo akifa ufuoni tusimkimbilie na visu

Mhariri,

Juzi pomboo alitupwa na maji huku kwetu Shanzu, ameshakufa. Hata adhuhuri haijafika, vijana walikuwa wamemkatakata: huyu ataka mafuta ya kupaka chombo, yule ataka chambo cha papa, na mbwa wanagombea matumbo. Hakuna aliyeuliza amekufa kwa nini.

Mimi ni muuguzi mstaafu, nimechanja watoto dhidi ya surua hadi nimezeeka, na swali hilo halinipiti. Pomboo wana kirusi chao cha ukoo mmoja na surua. Kati ya 2013 na 2015 kiliua zaidi ya 1,600 pwani ya mashariki ya Marekani. Na kinaua kama tulivyokuwa tukiona wodini: kinashambulia seli nyeupe za damu, kinga inaporomoka, kisha mgonjwa ambaye tayari mmemshukuria Mungu kwa kupona anamalizwa na nimonia. Pomboo naye humalizwa hivyo, au kwa kuvu wa mapafuni.

Uchafu nao una sehemu yake. Miaka ya 1990 watafiti wa Uholanzi waliwalisha sili, wanyama wa baharini wanaonyonyesha, samaki wa Bahari ya Baltiki, yenye kemikali nyingi za viwandani, na kinga yao ikashuka kuliko ya wenzao waliokula samaki wa Atlantiki. Wanaoelekeza mabomba ya maji taka kwenye mkondo wa Tudor wasome hapo mara mbili.

Sisemi kirusi hicho cha pomboo kinaambukiza watu, hilo halijaonekana. Lakini sili wa Marekani walipokufa kwa homa ya mafua mwaka 1979 na 1980, baadhi ya waliopasua mizoga yao waliugua macho. Na kirusi cha mbwa kiliua simba wa Serengeti mwaka 1994, kikaua na sili wa Bahari ya Kaspi mwaka 2000. Basi hao mbwa wa ufuoni tuwafukuze, jamani.

Nilipiga simu ofisi moja nikajibiwa tumsukume tu baharini. Kwa joto letu mzoga haungoji kesho, na ukishaoza hauna la kumwambia daktari. Wataalamu tunao, KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wako hapa hapa Mkomani, na KWS, shirika la wanyamapori, wapo. Naomba kila banda la BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, Mtwapa hadi Likoni, libandikwe nambari moja ya simu ya mtu atakayekuja na chupa za sampuli siku hiyo hiyo, hata ikiwa Jumapili.

Muuguzi mstaafu,
Shanzu, Mombasa