Barua kwa mtoto wa khalati: ile picha yako na kolekole

Mtoto wa khalati, salamu. Nimeiona ile picha uliyoweka status, wewe na kolekole wako huko chini ya majabali ya Mama Ngina, Mombasa, meno yote nje. Samaki mzuri mashallah, sina wivu (kidogo ninao). Lakini mimi niliangalia miguu yako. Jiwe ulilosimama limerowa chapachapa na jua kali vile, mvua hakuna, sasa hayo maji yametoka wapi? Ni wimbi lilipita hapo kabla hujapiga pozi, na wewe umeipa bahari mgongo, miguuni slipa.

Slipa bana! Juu ya ukijani ule!

Nakwambia hivi maanake mimi yashanikuta. Ilikuwa bamvua, zile siku maji hupwa sana na kujaa sana, nikashuka saa saba mchana nikakuta mwamba mkavu, nikatandaza vitu vyangu, samaki changu wanakula mmoja baada ya mwingine, nani aangalie saa? Kuja kugeuka ile njia niliyoshukia ishakuwa bahari, ndoo imeenda na samaki wote, nikapanda jabali kwa kucha, magoti yakachunika hadi leo alama ninazo. Hapa Mombasa siku za bamvua maji hupwa kwenye saa nne saa tano asubuhi, yakajaa kwenye saa kumi saa kumi na moja jioni, na yanapanda zaidi ya mita 3. Tena hayapandi sawasawa, saa ya kwanza yanajikokota, ya tatu na ya nne ndio yanakimbia, yaani wakati huohuo wewe umenogewa. Kwa hivo mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, piga hesabu kabla hujafunga ndoana.

Na sasa kusi imeingia, ule upepo wa kusini. Ukifika usishuke, kaa juu dakika ishirini, kunywa kahawa yako, tazama tu. Mawimbi yanakuja kwa mafungu, utaona madogo madogo unasema leo shwari, halafu yanafuatana matatu yanaosha mpaka pale ulipotaka kuweka chambo. Pakirowa, si pako.

Ukianguka (Mungu aepushe) usikimbilie kupanda jabali. Jabali lile limeliwa chini, wimbi litakusaga kwenye matumbawe kama nazi kwenye mbuzi. Jisukume nje kidogo, elea, piga kelele. Na akianguka mwenzako usimrukie, mtakuwa wawili. Mimi siku hizi nashuka na dumu tupu la lita 5, kifuniko kimekazwa, kamba ndefu shingoni mwake, wenzangu wananicheka eti nimekuja kuteka maji. Wacheke. Likirushwa linaelea na mtu analishika. Peke yako usiende kabisa, hasa usiku.

Mshipi ukinasa kwa mwamba, kata. Chubwi, kile kizito cha mshipi, ni ya bei ya chai, usiifuate majini. Na tafi ukimpata mshike kwa kitambaa, miiba yake ina sumu, ikikuchoma tia mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, maumivu yatapungua.

Jumamosi nakuja, na raba za zamani nakuletea. Ile picha mamako ashaiona, akanipigia simu, nikamwambia ni ya zamani na siku hizi unavua pale kwa mchanga tu. Sasa usije ukaweka nyingine.