Njaa mnaitafuta shambani, ghala hamligusi

Mhariri,

Nimesoma taarifa zenu za miradi ya njaa kwa miaka mingi bila kuandika. Ile ya juzi, kuhusu juhudi za kimataifa za kumaliza njaa kwa kilimo endelevu, imenishinda kuinyamazia. Mmeeleza mbegu, mboji, makinga maji, miti inayopandwa kati ya mazao, na idadi ya wakulima waliopata mafunzo. Neno ghala halimo hata mara moja. Ukisoma ukurasa ule utadhani nafaka ikishavunwa, kazi imekwisha.

Haijaisha. Mwaka 2019 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikadiria kwamba karibu asilimia 14 ya chakula cha dunia hupotea baada ya kuvunwa na kabla ya kumfikia muuza rejareja. Chakula hicho kimeshatumia maji, mbolea, rutuba na jasho la mtu. Sioni uendelevu wowote katika kulima vizuri kwa miezi minne halafu kuwalisha fukusi na dumuzi, wadudu wa ghalani, kwa miezi minane.

Wakubwa wa dunia wanalijua hili tangu zamani. Septemba 1975 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliazimia kwamba upotevu wa baada ya mavuno katika nchi zinazoendelea upungue angalau kwa nusu ifikapo 1985. Mwaka 2014 viongozi wa Afrika waliokutana Malabo, Guinea ya Ikweta, wakaahidi nusu ileile, safari hii ifikapo 2025. Mwaka uliofuata yakapitishwa Malengo ya Maendeleo Endelevu, na suala hili halikuwekwa kwenye Lengo la 2, lile la njaa. Liliwekwa kwenye Lengo la 12, lile la uzalishaji na matumizi yenye uwajibikaji, na hata huko shabaha ya 12.3 inataka chakula kinachotupwa madukani na majumbani kipungue kwa nusu ifikapo 2030, lakini kinachopotea kuanzia kwa mkulima hadi sokoni inataka kipunguzwe tu, bila kutaja kiwango. Ahadi ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa na namba mwaka 1975 leo haina namba. Hiyo ndiyo habari iliyowapita.

Najua mtasema kuna mifuko isiyopitisha hewa inayogawiwa. Ipo, na ni kifaa kizuri kikitumiwa inavyopaswa: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani, gunia la kawaida nje. Wadudu walionaswa humo huvuta oksijeni mpaka ikapungua, wakaacha kula, wakafa, na mkulima hahitaji dawa yoyote. Lakini mfuko haukaushi nafaka. Mahindi yanatakiwa yaingie yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukifunga yenye asilimia 17, unyevu wote umeufungia ndani: yatachacha, yatanuka, na ukungu utakuwa umeanza kazi kabla hewa haijaisha. Kama sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu, ilishaingia tangu shambani, kwa sababu ya ukame au punje zilizotobolewa na wadudu, mfuko hauiondoi, na kupika hakuiondoi. Asiye na kipima unyevu atumie chumvi: chupa ya kioo safi na kavu, vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri, nafaka mpaka theluthi moja ya chupa, kifuniko, atikise dakika 3 na aache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, arudishe nafaka turubaini. Isipoganda asifunge siku hiyohiyo. Kipimo hiki kinamwambia kwamba ameshuka chini ya 15, hakimwambii kwamba amefika 13.5, na kati ya hapo kuna siku nyingine ya jua kali. Ndipo apepete, atoe punje zilizooza na vipande vya magunzi vinavyotoboa plastiki, ajaze akishindilia, na afunge kila mfuko peke yake: abane hewa itoke, asokote shingo, aikunje, akaze kamba. Mfuko ukae juu ya mbao, mbali na ukuta, panya wasifike. Na usifunguliwe kila wiki kwa kuchungulia, maana kila ukifunguliwa oksijeni inarudi na wadudu waliokuwa wanakufa wanapata nafuu. Hatua hizi zote zinaenea kwenye karatasi moja, lakini katika miradi niliyoiona mafunzo hutolewa wakati wa kupanda, mifuko inafika wiki kadhaa baada ya mavuno, na karatasi haifiki kabisa. Katika mradi mmoja wa wafadhili nilishuhudia mkaguzi aliyetumwa kupima mafanikio akipita ghalani na bambo, chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka guniani, akichoma mfuko baada ya mfuko ili achukue sampuli. Aliitoboa yote! Mifuko iliyokuwa mizima asubuhi ilikuwa imeharibika kufikia mchana, na ripoti ikaja kusema kwamba teknolojia haikidhi matarajio.

Nikiwa bado kwenye ukurasa wenu: mmechanganya hesabu mbili za njaa katika sentensi moja, na si mara ya kwanza. Watu milioni 673 ni makadirio ya Umoja wa Mataifa ya waliokosa lishe ya kutosha mwaka 2024, duniani kote, na makadirio hayo yana upana, kati ya milioni 638 na 720. Wale milioni 295 ni watu waliokuwa katika uhaba mkali wa chakula mwaka huohuo katika nchi 53 zilizochunguzwa, nyingi zikiwa na vita au majanga ya hali ya hewa. Huwezi kutoa moja katika nyingine, wala kuandika kwamba njaa "imeshuka" kutoka ile hadi hii. Hesabu ya kwanza huanzia kwenye mizania ya chakula ya kila nchi, yaani hesabu ya chakula kinachoingia na kinachotoka, ambamo upotevu hutolewa kabla ya kugawanya kwa idadi ya watu. Na kwa nchi nyingi upotevu huo hukisiwa, kwa sababu hakuna aliyeupima. Kwa hiyo ghala mlilolisahau limo hata ndani ya ile milioni 673 mliyoiweka kwenye kichwa cha habari.

Ninaomba jambo moja. Taarifa yoyote ya mradi wa kumaliza njaa isichapwe mpaka mwandishi wenu amewauliza wenye mradi maswali mawili. Unyevu ulikuwa asilimia ngapi siku nafaka ilipofungwa? Na mfuko ulipofunguliwa baada ya miezi sita, kati ya punje 100 zilizochotwa juu, katikati na chini bila kuchagua, ngapi zilikuwa na matobo? Mifuko ifunguliwe kwa mkono, isichomwe. Kuhesabu punje 100 hakuhitaji maabara wala mshauri wa kutoka nje. Mradi ukijibu, chapeni namba zake pamoja na idadi ya waliofunzwa. Ukishindwa kujibu, andikeni hivyo katika aya ya kwanza.

Msomaji wenu,
Mhifadhi wa nafaka