Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mhandisi wa korosho asomee penye korosho

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: SHAHADA YA UHANDISI WA KILIMO KATIKA MIKOA YA KUSINI

Mheshimiwa Waziri, salaam kutoka Nachingwea. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na mama yangu ni mbanguaji wa korosho.

Tulipotakiwa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, mama alikaa kwenye foleni tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika, mashine ilikataa kidole cha kwanza, ikakataa cha pili, ikakataa vyote kumi. Kijana aliyekuwa mezani akamwambia akanawe mikono. Mheshimiwa, ule haukuwa uchafu. Ganda la korosho lina tabaka mbili, na katikati yake mna vijishimo vilivyojaa mafuta makali yanayounguza ngozi. Mama amebangua kwa miaka zaidi ya ishirini, kinga yake ikiwa majivu anayojipaka viganjani. Alama za vidole zimelika.

Kila nikifundisha mada ya nguvu na mgandamizo, namkumbuka. Ganda lile ni gumu, lakini punje iliyomo ndani ni laini na imepinda kama figo. Ukigonga kidogo, ganda halifunguki. Ukizidisha, punje inavunjika na bei inashuka papo hapo, kwa sababu sokoni punje nzima ndiyo yenye fedha. Daraja la W240 maana yake ni punje nzima zisizozidi 240 katika ratili moja, na punje iliyopasuka haiingii humo. Tena korosho za mti mmoja hazilingani ukubwa, na korosho iliyoanikwa vizuri haipasuki sawa na iliyobaki na unyevu. Kwa hiyo anayetaka kuunda mashine ya kubangua lazima ajue chuma, na lazima ajue tunda. Huo ndio uhandisi wa mitambo ya kilimo.

Mwezi huu, baada ya matokeo ya kidato cha sita, mwanafunzi wangu mmoja aliyefaulu vizuri sana PCM (fizikia, kemia na hisabati) alikuja kuniuliza aombe kozi gani. Nikamtajia uhandisi wa kilimo. Akashangaa: "Mwalimu, yaani nikaendeshe trekta?" Simlaumu. Hajawahi kumwona mhandisi wa kilimo. Alichokiona ni mashine ya kubangua ya kikundi cha akina mama kijijini kwao, iliyoletwa kutoka mbali, ikavunja punje nyingi kuliko ilizotoa nzima, na sasa imefunikwa turubai chini ya mwembe. Hakuna aliyeweza kuirekebisha visu vyake viendane na korosho zetu.

Hapa Nachingwea tunalijua jambo hili kwa undani. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Walileta matrekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, kabla ya kuujua udongo na mizizi ya miti yetu. Kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa. Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo kutoka Mtwara nayo ikafungwa mwaka 1962. Baadaye Serikali yetu ikajenga viwanda vikubwa vya korosho kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vikiwa na mitambo ya Italia na Japani. Uzalishaji ukaporomoka, kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 miaka ya 1980, na viwanda vingi vikasimama. Baadhi ya majengo yale yaligeuka maghala ya korosho ghafi, zinazosafirishwa kwenda kubanguliwa India na Vietnam.

Shahada hii ipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, na walimu wake nawaheshimu. Lakini Lindi tumeletewa kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Ombi langu ni kwamba uhandisi wa mitambo ya kilimo ufundishwe hapo kwa ngazi ya shahada ya kwanza, na kalenda yake ifuate msimu wa kusini.

Hili la kalenda naomba ulitazame kwa makini. Wanafunzi wa vyuo vikuu hutoka kwenda mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo ndefu. Akija Mtwara au Lindi mwezi Julai, atakuta mikorosho inatoa maua na watu wanapuliza dawa ya salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua na majani. Atajifunza bomba la kupulizia, na hilo ni muhimu. Ila hataona korosho ikianikwa, hataona mabibo, yale matunda laini yanayobeba korosho, yakioza chini ya miti kwa sababu hatuna mashine nyepesi ya kuyakamua shambani, wala hataingia ghalani wakati wa minada. Mambo hayo ni ya Oktoba hadi Desemba, yeye akiwa darasani. Basi mwaka wa tatu muhula wa kwanza uwe wa shambani na karakana: awe na watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, wanaozijua aina za korosho kuliko mtu yeyote, awe na mafundi wa kuchomelea wa Masasi, na akae na wabanguaji. Mihogo na ufuta vipo hapa hapa, navyo vinasubiri mashine.

Wabanguaji walipwe kama wakufunzi. Mama anaweza kukuambia kwa kuisikiliza tu korosho ikitikiswa kama imekauka vya kutosha. Sijui chombo cha maabara ya shule yangu kinachoweza kufanya hivyo.

Mwanafunzi wangu bado hajajaza fomu ya maombi. Nimemwomba asubiri siku chache, nikuandikie kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa fizikia, Nachingwea, Lindi